Nyumba Moja, Sufuria Moja

Nyumba ya Mzee Shamsudin ilikuwa ya kwanza kuwasha taa katika mtaa wao wa Bomani, mjini Tarime. Si kwamba watu wa nyumba hiyo walikuwa wamelala wakatosheka. Waliamka kwa sababu wachimbaji walikuwa wameshaanza kugonga mlango wa duka.

Duka lilikuwa mbele, vyumba vya kulala nyuma. Mzee Shamsudin aliuza sululu, nyundo, kamba, mabuti na tochi za kuvaa kichwani. Tangu zilipoenea habari kwamba mashimo ya huko vilimani yametema dhahabu, watu walimiminika Tarime kutoka kila mkoa, na kabla ya kwenda kuchimba, wote walipitia madukani. Mkewe, Zuleha, alisimama naye kaunta tangu alfajiri hadi jioni. Wakati wa kufunga ulipofika, miguu yake ilikuwa imevimba na macho ya mumewe yalikuwa mekundu.

Zamani Zuleha alikuwa akipika ugali wa mtama na muhogo, dagaa, kunde na mchicha. Siku hizi hakuna aliyekuwa na nguvu za kuwasha jiko. Chipsi mayai zilinunuliwa kwenye kibanda cha jirani, soda zikatolewa kwenye friji ya dukani, na wote watatu, baba, mama na mtoto, wakajitupa kwenye makochi mbele ya televisheni. Mara nyingi Mzee Shamsudin alisinzia na sahani mapajani.

Mtoto wao pekee, Ummy, alikuwa darasa la sita. Asubuhi alikunywa chai yenye sukari nyingi kwa maandazi, kisha baba yake akamwitia bodaboda impeleke shuleni, ingawa shule haikuwa mbali. “Panda haraka, mwanangu, wateja wananisubiri,” alisema.

Ummy alinenepa. Mwanzoni watu walifurahi. “Mtoto ana afya huyu!” wateja walisema. “Kweli biashara inalipa.” Zuleha alitabasamu, na Ummy naye akaamini kwamba yote ni heri.

Lakini shuleni kila asubuhi kulikuwa na mchakamchaka, na huko Ummy hakusikia sifa. Wenzake walikimbia wakiimba, yeye akabaki nyuma, pumzi zikimkatika na magoti yakimuuma. Baadhi ya wavulana walimwita Gunia. Rafiki yake Efrazia ndiye pekee aliyepunguza mwendo ili amsubiri.

“Usiwasikilize,” Efrazia alimwambia.

“Nimechoka,” Ummy alijibu. “Nimechoka hata kabla siku haijaanza.”

Mwalimu Lusekelo, aliyesimamia mchakamchaka, alimwita Zuleha akamshauri ampeleke mtoto zahanati. Zuleha alienda naye siku ya soko, akiwa na haraka ya kurudi dukani. Walimkuta muuguzi mmoja wa makamo, mwenyeji wa Bukoba, aliyeitwa Theodosia. Alimpima Ummy uzito na urefu, akayagusa magoti yake taratibu, kisha akamgeukia mama.

“Nyumbani mnakula nini, Mama Ummy?”

“Anapenda sana chipsi, dada. Na soda. Anakula mno huyu.”

“Sikuuliza anakula nini. Nimeuliza mnakula nini.”

Muuguzi hakumkaripia Zuleha. Alimweleza kwamba uzito wa Ummy umezidi umri na urefu wake, na kwamba wakiendelea hivyo anaweza kupata maradhi ya watu wazima angali mtoto. “Njoo na Baba Ummy,” alisema. “Jambo hili ni la nyumba nzima.”

Zuleha alipofikisha ujumbe, Mzee Shamsudin alikuwa akimpimia mteja kamba. Hakuinua kichwa. “Nani atabaki dukani? Kama tatizo ni chipsi, basi aache chipsi. Kuanzia leo hali chipsi, hanywi soda, hapandi bodaboda. Yamekwisha.”

Lakini hayakuisha. Jioni hiyo Ummy aliwekewa ugali mdogo na mboga vilivyonunuliwa kwa mama lishe, na wazazi wake wakala chipsi mayai kama kawaida. Harufu ya mafuta ilijaa sebule nzima. Ummy alimeza matonge huku akiwaangalia. Asubuhi alienda shuleni peke yake kwa miguu, na baba yake akampita juu ya bodaboda akiwahi kuchukua mzigo.

Baada ya siku chache alishindwa. Wazazi wake walipokuwa na wateja, alijificha stoo nyuma ya marundo ya mabuti na kula maandazi aliyoyachukua jikoni. Baba yake aliingia kutafuta nyundo, akamkuta mdomo umejaa.

“Unakula tena?” alifoka. “Huoni haya? Jitazame ulivyo!”

Wateja waliokuwa kaunta waligeuka. Mmoja alicheka. Ummy alifuta mdomo, akapita katikati yao ameinamisha kichwa, akaenda kujilaza chumbani.

Tangu hapo akaamua jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliona kwamba kama kula ndiyo aibu, basi asile kabisa. Chai aliimwaga nyuma ya nyumba. Chakula cha mchana alimpa Efrazia, akisema ameshiba. Usiku alisema tumbo linamuuma. Wazazi wake, waliokuwa wamechoka kupita kiasi, walimwamini.

Asubuhi moja ya baridi, katikati ya mchakamchaka, Efrazia alisikia nyimbo zikiendelea mbele na kishindo kidogo nyuma yake. Aligeuka. Ummy alikuwa ameanguka kando ya njia, midomo imepauka.

“Mwalimu! Mwalimu! Ummy ameanguka!”

Mwalimu Lusekelo alimbeba mpaka zahanati na kumpigia simu baba yake. Mzee Shamsudin aliacha duka wazi, mteja akiwa na sululu mkononi. Hakukumbuka hata kuita bodaboda. Zahanati ilikuwa juu ya mwinuko, na alipofika mlangoni alikuwa amejishika kiuno, jasho linamtiririka, hawezi kusema. Zuleha alifika nyuma yake analia.

Ummy alikuwa kitandani, amefumbua macho. Muuguzi Theodosia alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko.

“Atapona,” alisema. “Ameanguka kwa njaa.”

“Njaa?” Mzee Shamsudin alishangaa. “Mwanangu ana njaa? Kwangu kuna kila kitu!”

“Mwulize mwenyewe.”

Ummy alitazama ukuta. “Ulisema nijitazame, Baba. Nikajitazama. Nikaona bora nisile.”

Mzee Shamsudin alikaa kwenye benchi kwa uzito, kama mtu aliyetwishwa mzigo. Muuguzi alimwacha apumue, kisha akamfunga kipimo cha shinikizo la damu mkononi. Alipima, akapima tena.

“Baba Ummy, wewe pia hauko salama. Presha yako iko juu. Kilima hiki kidogo kimekutoa roho.”

“Ni kazi tu, dada. Tangu dhahabu hii ianze hatujapumzika.”

“Nakuamini. Nawaona wengi humu kama nyinyi. Lakini mlimpa mtoto adhabu badala ya dawa. Mlimwekea sahani yake peke yake na njia yake peke yake, akaona ametengwa. Mtoto hafuati mdomo wa mzazi, anafuata miguu yake. Simtaki akonde kwa haraka. Bado anakua, na urefu utamsaidia. Ninachotaka ni nyumba moja, sufuria moja. Akila mboga, nanyi mle mboga. Akinywa maji, nanyi mnywe maji. Akitembea, mmoja wenu atembee naye. Na mlale mapema.”

“Na duka?” Mzee Shamsudin aliuliza kwa sauti ya chini.

“Duka litafunguliwa na nani ukilala kitandani hapo?”

Walirudi nyumbani wakimshika Ummy huku na huku. Mlangoni, Mzee Shamsudin alipiga magoti mbele ya mwanawe. “Nisamehe, Ummy. Nilikuaibisha mbele ya watu. Sitarudia.”

Haikuwa rahisi. Waliamua kufunga duka baada ya sala ya alasiri, na wachimbaji walinung'unika. Waitara, mteja wao wa siku nyingi, alisimama nje na buti lililochanika.

“Mura, ndugu yangu, mbona unafunga jua bado liko? Unaikimbia dhahabu?”

“Naenda kupika, Waitara.”

“Kupika? Wewe?” Waitara alicheka hadi akajishika mbavu.

Wateja wengine walihamia duka la mtaa wa pili, na hawakurudi. Kuna jioni Zuleha aliketi kwenye kigoda jikoni akashindwa kuinuka, na moto ukazimika. Ummy akachambua mchicha, baba yake akasonga ugali ukatoka na madonge. Waliula hivyo hivyo. Kuna siku pia Ummy alimkuta baba yake nyuma ya kaunta na chupa ya soda mkononi. Walitazamana.

“Nimechoka, mwanangu,” baba yake alisema. “Nilitaka kitu kitamu.”

“Hata mimi hutaka, Baba.”

Mzee Shamsudin aliirudisha chupa bila kuifungua. Walichota maji mtungini, wakanywa wote wawili.

Asubuhi walitembea pamoja hadi shuleni, siku nyingine baba, siku nyingine mama. Mwanzoni Mzee Shamsudin alisimama mara kwa mara akijifanya anasalimia watu, kumbe anatafuta pumzi. Polepole vituo vile vikapungua. Magoti ya Ummy yakaacha kumuuma usiku. Hakuwa mwembamba, wala hakuna aliyemtaka awe. Alirefuka, akalala vizuri, akaanza kucheka tena.

Mwisho wa mwaka shule iliitisha kikao cha wazazi. Mwalimu Lusekelo alilalamika kwamba watoto wengi wanasinzia darasani na wengine wanaishi kwa vitafunwa vya barabarani. Kisha akamwomba Mzee Shamsudin aseme neno. Alisimama kwa shida, akiwa bado na vumbi la dukani.

“Mimi si msemaji,” alianza. “Nimechoka kama mlivyochoka. Dhahabu imetuletea riziki, siikatai. Lakini ilitufanya tuwalishe watoto wetu kwa haraka na kuwakemea kwa haraka. Nilimwona mwanangu amenenepa, nikadhani kosa ni lake. Kumbe alikuwa anakula nilichokula mimi na kukaa nilipokaa mimi. Nilimwagiza abadilike, akaanguka njiani. Nilipobadilika mimi, akanifuata bila kuagizwa. Mwili wa mtoto si wa kuchekwa, na afya yake haianzi kwake. Inaanza kwetu. Ni hilo tu.”

Mama mmoja nyuma alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Kikao kilipokwisha, jua lilikuwa limeshuka na miguu ya wazazi wa Ummy ilikuwa mizito. Bodaboda ziliwaita getini. Zuleha alimtazama mumewe, mumewe akamtazama Ummy.

“Mmechoka?” Ummy aliuliza.

“Sana,” baba yake alijibu, akamshika mkono. “Twende polepole.”