Krismasi ya Mfuko Wetu

Krismasi ilikuwa inabisha hodi, na mnada wa mifugo wa Garsen ulikuwa umefurika watu. Wanunuzi kutoka Malindi na Mombasa walipiga makelele juu ya bei. Wafugaji wakawajibu polepole, kwa utulivu wa watu wanaojua kwamba Desemba nyama lazima inunuliwe, na vumbi likawatanda wote sawasawa. Christabel alikatiza hapo kwa sababu ndiyo njia fupi kutoka ofisi ya vifurushi hadi saloni anakofanya kazi. Alivaa dera la rangi ya machungwa, amelikusanya kwa mkono mmoja lisiburuzike kwenye mavi ya ng'ombe. Kwa mkono wa pili alishika mfuko wa nywele za kusukia, kwa maana wateja wa sikukuu walikuwa wamemjaa hadi mlangoni.

Alihisi mfuko unavutwa. Akageuka akidhani ni mwizi, kumbe ni mbuzi, tena beberu mweupe, ameshauchana mfuko, na shada la nywele nyekundu linamning'inia mdomoni.

"Wee! Nywele za watu!"

Aliyeshika kamba alikuwa kijana mrefu, mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri na viatu vyeusi vinavyong'aa mahali ambapo kila mtu amevaa kandambili.

"Pole sana, dada," alisema, akijizuia kucheka. "Huyu naye alitaka kusukwa kabla ya sikukuu."

"Mwambie apange foleni kama wenzake. Na hizo nywele analipa nani?"

"Mimi. Tena nalipa mfuko mzima. Ila kwa sharti moja."

"Mbuzi wako ale mali yangu, halafu wewe ndiye unaweka masharti?"

"Unielekeze saloni iliko. Akirudia kosa, nijue pa kuleta fidia."

Christabel alitaka kukasirika, akashindwa. Kijana alijitambulisha kuwa Godhana, muuzaji wa pampu za maji katika duka moja la Hola, aliyekuja mnadani kununua mbuzi wa sikukuu. Alinunua nywele mpya, akanunua na soda, na kufikia jioni alikuwa na nambari ya simu.

Kuanzia hapo simu haikupoa.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nakula sauti yako hapa."

"Utakonda, Godhana."

Sumeya, mwenye saloni, mwanamke wa Kipini aliyejifunga leso hata akiwa kazini, alikuwa akisikiliza huku akitabasamu. "Huyo kakushika kweli, mwanangu. Lakini mchunguze. Maneno matamu hayana kodi."

Siku moja katika mazungumzo hayo, Christabel alimtania. Alimwambia kwamba baba yake alifariki zamani na mzee wa nyumba ni mjomba wake Pekeshe, ambaye huwapima wanaume kwa viatu. "Ukija kwetu Wenje mikono mitupu, hata kiti hupati," alisema, wakacheka wote wawili.

Godhana hakuja mikono mitupu. Mkesha wa Krismasi alishuka Wenje na mbuzi wawili, unga, mafuta, kreti za soda, na kitambaa cha kitenge kwa mama yake Christabel. Christabel mwenyewe alipewa simu mpya, kubwa kama kioo cha mkononi. Jamaa walikuja hata wale ambao hawakuonekana tangu matanga ya baba. Mjomba Pekeshe alikula nyama hadi akafungua kifungo cha suruali, akamwita Godhana mkwe mbele ya watu.

"Mkwe kama huyu," alisema, akimpiga begani, "ndiye anayejenga jina la nyumba."

Mwaka mpya wakaenda Malindi. Walikaa hotelini karibu na bahari, Christabel akavaa gauni la bluu alilonunuliwa huko huko, wakala kamba wa baharini.

"Godhana, hizi pesa zinatoka wapi?"

"Mpenzi, likizo si siku ya kuuliza maswali ya hesabu. Kula."

Akala.

Januari ilipopamba moto, simu zikaanza kuadimika. Akipiga Christabel, hazipokewi. Akipokea Godhana, anazungumza kwa haraka kama mtu aliye njiani kukimbia. Kisha siku moja Christabel akapigiwa na mwanamke asiyemjua, mwenye sauti ya ukali.

"Wewe ndiye Christabel? Mwambie Godhana apokee simu zangu. Aliniahidi tangu mwezi uliopita, na ahadi ni ahadi." Akakata.

Christabel alikaa kwenye kiti cha wateja, kitana kimemkwama mkononi. Mwanamke. Ahadi. Alimpigia Godhana mara nyingi hadi akampata.

"Ni nani huyo mwanamke?"

"Ni mteja. Wa pampu."

"Mteja wa pampu anajuaje jina langu?"

"Chrissie, tafadhali. Nitakueleza nikija."

Hakuja. Christabel akajua, kama wanavyojua wanawake walioachwa gizani, kwamba Godhana ana mke Hola. Usiku alilia, mchana akasuka. Sumeya hakusema alimwonya. Alimtengea chai tu na kuiweka karibu naye.

Ukweli ulitoka mwezi wa tatu, saloni imejaa, siku ambayo Christabel alikuwa akimsuka bi harusi. Alichukua ile simu kubwa amwonyeshe mtindo. Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maandishi: malipo yamechelewa, simu hii imefungwa.

"Kwani hujaimaliza kulipia?" bi harusi aliuliza bila ubaya, na wanawake waliokuwa wakikausha nywele wakageuza shingo.

Kabla hajapata jibu, simu ya Sumeya ikalia. Sumeya alisikiliza, akamnyooshea. Ilikuwa sauti ile ile ya ukali, na sasa ilisema ilichotaka. Haikuwa ya mke. Ilikuwa ya mdai. Godhana alikuwa amekopa kwenye simu kabla ya Krismasi, akakopa kwingine kulipa kule, akachukua na ile simu ya zawadi kwa malipo ya kidogo kidogo. Na kwenye kila mkopo, palipoulizwa jamaa wa karibu, alikuwa amemwandika Christabel, pamoja na nambari za mama yake na za saloni.

"Wewe ni mkewe. Ameandika hivyo," ilisema sauti. "Mama yako pia tumempigia."

Mama yake alikuwa amepigiwa akiwa kanisani, katikati ya kikao cha akina mama, na simu yake haina siri, huongea kama redio. Wote walisikia kwamba nyama waliyokula Krismasi haijalipwa.

Godhana alifika Garsen kesho yake. Wakakutana kwenye hoteli ya chai pale njia panda, magari ya kwenda Lamu yakipiga honi nje. Alikuwa amekonda, na viatu havikung'aa.

"Nilidhani una mke," Christabel alisema. "Nililia wiki nzima nikidhani una mke."

"Sina mwanamke mwingine, naapa. Ni wewe tu."

"Najua. Na afadhali ungekuwa naye. Ningejua ninashindana na mtu." Alimwekea ile simu iliyofungwa juu ya meza. "Mara ya kwanza kuitwa mke wako, Godhana, na aliyeniita ni mdai. Ulimtia mama yangu aibu mbele ya wenzake. Ulinidanganya nikiuliza. Ulikuwa na mdomo, ungesema huna."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Godhana akainamia viatu vyake. Christabel alingoja kadiri alivyoweza, kisha akainuka. Chai yake ikabaki pale, haijaguswa.

Miezi ikapita. Habari zilimfikia kwa vipande. Godhana ameuza pikipiki yake. Godhana ameacha duka la pampu, yuko kwenye shamba la marehemu baba yake chini ya Garsen, analima mpunga na kuvua kambare. Hakupiga simu kuomba msamaha, wala hakutuma watu. Christabel alisema ni vizuri hivyo, akasema tena na tena, hadi Sumeya akamwambia, "Mwanangu, mtu aliyesahau haapi kila siku kwamba amesahau."

Desemba ikarudi. Mjomba Pekeshe akaja saloni na kofia yake ya safari, akakaa bila kukaribishwa.

"Sikukuu imefika," alisema. "Watu watakuja. Mwaka jana walikula wakashiba, mwaka huu hawawezi kukuta majani. Mama yako hana kitu. Wewe una kazi."

"Mjomba, nilichonacho ni karo ya wadogo zangu Januari."

"Kwani nani hakopi siku hizi? Unabonyeza simu tu. Utalipa polepole. Au unataka waseme nyumba ya dada yangu imekufa?"

Alipoondoka, Christabel alitoka nyuma ya saloni na kasimu kake kadogo ka vitufe. Akabonyeza nambari za mkopo. Kiasi kikatokea, kikubwa kuliko alivyotarajia, kikimngoja kwa upole. Mbuzi mmoja tu. Mchele na soda. Mama asiinamishe kichwa kanisani. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na alihisi jinsi jambo lile lilivyokuwa jepesi. Hakuna aliyekuwa akimwona. Hakuna ambaye angejua hadi Januari.

Akafuta. Akapiga nambari aliyoijua kwa moyo.

"Christabel?" Sauti ya Godhana ilikuwa na upepo wa shambani ndani yake. "Kuna tatizo?"

"Siku ile ulipobonyeza mara ya kwanza, ulikuwa unafikiria nini?"

Hakuuliza kubonyeza nini. "Nilikuwa dukani. Ulikuwa umeniambia mjomba wako anapima watu kwa viatu. Nikaangalia viatu vyangu, juu vinang'aa, soli zimetoboka. Nikasema, nikifika hivi, yule msichana ataona nilivyo."

"Nilikuwa natania!"

"Najua. Mimi ndiye niliyekopa, si wewe. Lakini umeniuliza."

Christabel aliegemea ukuta. Jua lilikuwa linamchoma uso, hakusogea. "Leo nimefika pale pale," alisema. "Kidole juu ya kitufe."

"Ukabonyeza?" Aliuliza kwa hofu ya kweli.

"La."

"Ahsante Mungu." Akapumua. "Mimi nimebakisha kidogo, lakini bado nadaiwa. Sitakuficha tena."

"Krismasi uko wapi?"

"Hapa na mpunga wangu."

"Basi uje Wenje. Uje na ulichonacho. Kama huna, uje hivyo hivyo."

Siku ya Krismasi mama yake Christabel alipika alichokuwa nacho: ndizi za shambani, maharage, kambare wachache waliovuliwa na jirani. Alivaa kitenge cha zamani, kile cha Godhana hakukigusa. Jamaa walikuja, wakachungulia jikoni, baadhi yao wakakumbuka wanasubiriwa kwingine. Mjomba Pekeshe alisimama uani.

"Hii ndiyo sikukuu? Umeniaibisha, Christabel. Mimi sikai hapa," alisema, na akaondoka kwenda nyumbani kwake akiwa na nusu ya wageni nyuma yake. Mama akainama juu ya sufuria, mabega yakimtetemeka. Christabel alitaka kumshika, hakujua ashike wapi. Akawaza kwamba kwa kitufe kimoja, mama yake asingekuwa analia.

Hapo ndipo Godhana akaingia. Alikuwa amevaa shati la kazi lililofuliwa, begani amebeba gunia la mchele, makwapa yamelowa jasho. Alilitua chini, akaenda moja kwa moja kwa mama.

"Shikamoo, mama."

Mama aliendelea kukoroga sufuria. "Watu wako walinipigia kanisani," alisema hatimaye.

"Najua, mama. Sina la kujitetea. Nilitaka kuonekana, nikakuumiza. Nisamehe."

"Nyama ile niliila. Nikasifu." Alijifuta macho kwa upindo wa leso. "Leo umekuja kama nani?"

Godhana alimtazama Christabel, kisha akarudisha macho kwa mama. "Niliwahi kumwandika mke wangu bila kumwuliza. Leo nimekuja kumwuliza. Bado nina deni la kumaliza, na shamba linanipa kidogo. Akikataa, nitakula ndizi niende zangu kwa amani."

Watu wachache waliobaki waligeuka kumtazama Christabel. Alikuwa amehifadhi maneno mengi mwaka mzima, akachagua machache.

"Utanificha tena?" aliuliza.

"Hapana."

"Hata ukiona haya?"

"Nitaona haya mbele yako."

"Basi nakubali. Lakini harusi itakuwa ya siku tutakayoiweza, hata kama ni ya chai. Na hakuna atakayekopa kwa ajili yetu, wala sisi."

Godhana akaketi ghafla juu ya gunia lake. Mtu akacheka, mama naye akacheka huku machozi hayajakauka. Akapima mchele kwenye ungo, akabandika maji motoni. Walikula wakiwa wachache. Chakula kilitosha, watoto wakaongezewa, na jirani mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, wengine wakaupokea wakiwa bado wanatafuna.

Lakini mama alipokuwa akikusanya sahani, uso wake ukaingia wingu tena. "Na Pekeshe? Bila yeye hakuna posa. Na leo ametoka hapa amekasirika. Nani atamwambia?"

"Mimi," alisema Christabel.

"Atakufukuza, mwanangu. Atamfukuza na huyu, mbele ya wageni wake."

"Atufukuze. Tutarudi kesho."

Akanawa mikono, akajifunga leso safi kiunoni. Godhana alikuwa ameshasimama, anayapangusa mavumbi ya gunia kwenye shati, na yalikuwa hayatoki. Christabel alimwambia aache. Akamshika mkono, wakatoka uani, wakaifuata njia ya kwa mjomba, watu wa Wenje wakiwatazama milangoni.