Ruta Iliyoingiliwa Shelui

Dorika na mumewe Enock wanauza mafuta ya alizeti Shelui. Oda nyingi huja kwa simu, kwa hiyo wana ruta, kile kiboksi cha intaneti, juu ya kabati. Jirani yao Rukaiya walimpa neno la siri bure. Mume wake ni dereva wa lori, na jioni walikuwa wakionana kwa video.

Kisha mambo yakaharibika. Dorika akifungua ukurasa wa benki, unakuja mwingine unaofanana nao, unadai namba ya siri. Bahati nzuri alishtuka kabla ya kuiandika. Papo hapo akasema Rukaiya kawapa matapeli neno la siri. Ushahidi hana, mdomo anao! Akalibadilisha neno lile, na salamu akakata. Ukurasa bandia ukaendelea kuja vilevile.

Enock akamwita Melkiori, fundi wa mitandao. Fundi akauliza ruta ilisasishwa lini. Kumbe ruta nayo husasishwa.

"Hakuna aliyewaibia neno la siri," alisema Melkiori. "Kosa limo kwenye programu ya ruta. Ina nafasi ndogo ya kupokea ujumbe, lakini haipimi urefu wa ujumbe unaoingia. Tapeli aliye mbali anatuma mrefu kupita kiasi. Unafurika, unafuta maagizo yaliyo pembeni, na ya kwake yanakaa hapo. Ruta inaanza kumtii yeye."

"Kama kumimina mafuta kwenye kidumu bila kuangalia kimejaa," alisema Enock.

"Ndiyo hivyo. Hata mngebadilisha neno la siri kila siku, angeingia tu."

Melkiori akairudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Akapakua programu mpya kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, akaweka neno jipya la siri, akaipanga ijisasishe yenyewe. Akawaonya kwamba ruta ya zamani isiyopata tena masasisho ni ya kubadilishwa. Dorika akafungua tovuti ya benki. Ukaja ukurasa halisi. Akashusha pumzi, kisha aibu ikamshika.

Akamkuta Rukaiya anaanua nguo.

"Mwenzangu, nilikusingizia. Nisamehe."

Rukaiya aliendelea kuanua. "Ulinipita sokoni kama hunijui," akasema. "Hilo ndilo lililoniuma."

Dorika akasogea kwenye kamba ya nguo. Machozi yalimtoka. Rukaiya akampa ncha ya shuka, wakalikunja pamoja, kisha Dorika akamwekea neno jipya la siri kwenye simu.

Jioni dereva akapiga video kutoka Nzega. Akamwona mkewe, na pembeni yake Dorika.

"Shemeji, za safari?" Dorika akauliza.

"Nzuri, shemeji. Mlipotelea wapi?"

Rukaiya akacheka, akasema ruta ilikuwa inaumwa.