Viatu Vilivyogoma Kukauka

Haya hayakutokea mbali. Yalitokea nyuma ya ukuta wetu, mchana kweupe, na aliyepatwa nayo yuko hai. Ukitaka nenda kamuulize, ila ujiandae kusemwa kama kola yako ina doa.

Jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelitumia tena. Tunamwita Mama Dobi. Duka lake la kufulia linatazama barabara. Nyuma yake kuna ua mdogo wa saruji, na ng'ambo ya ua kuna vyumba viwili anamoishi na mumewe. Kati ya duka na ua ndipo kilipo chumba cha kukaushia. Hakina dirisha. Mabomba ya moto yamezunguka kuta, kamba za waya zimepita juu, na mlango wake ni wa bati zito. Ukiingia humo na shati bichi, shati hutoka kavu na wewe ndiye unayetoka umelowa. Mama Dobi alikulia humo, na alikuwa na maneno yake aliyopenda kumwambia kila mteja mwenye wasiwasi: "Mimi maji hayajanishinda hata siku moja."

Mumewe alikuwa kinyozi, mwembamba, mwenye miguu mirefu. Mtaani tulimwita Upepo kwa sababu ya baiskeli. Siku ambayo hakufungua saluni alikuwa juu ya ile baiskeli yake ya mashindano, anakwenda asikokujua mtu na kurudi amepauka kwa vumbi. Baiskeli yenyewe ililala chumbani.

"Umeoa wawili," Mama Dobi humwambia. "Mwenzangu kazi yake kulala, mimi nafua."

Ulikuwa msimu wa fukuto. Mvua inashuka ghafla, inakata, jua linatoka na kuchemsha kilichobaki. Kuta zilitoka jasho. Chumvi iliyeyuka ndani ya kopo. Mchana mmoja wa namna hiyo Upepo alirudi amelowa chapachapa. Viatu vyake vya baiskeli, vile vigumu vyenye kipande cha chuma chini cha kunasia kwenye pedeli, vilikuja vikilia kok, kok kwenye saruji, na kila hatua ikitema maji.

"Vua hapo hapo mlangoni," mkewe akamwambia. "Usiniletee mto ndani."

"Usivianike juani tu. Gundi itaachia."

"Unanifundisha kazi?"

Alifanya kama inavyofanywa. Alichomoa soli za ndani, akalegeza mikanda, akajaza magazeti makavu mpaka kwenye vidole, akavilaza ubavu mbele ya feni chumbani. Kazi ya kitoto.

Asubuhi alikuta magazeti yote sakafuni, yamekunjwa mabonge, yanachuruzika. Ndani ya viatu mlikuwa na maji. Si unyevu. Maji, mpaka kwenye ukingo.

Alimkaripia mumewe kwa utani wake wa kijinga. Upepo akaapa kwamba hajavigusa. Mama Dobi akamwaga maji, akajaza magazeti mengine, akarudi dukani kupiga pasi. Baada ya chakula cha mchana alipochungulia, magazeti yalikuwa yametemwa tena, na chumba kilinuka tope la chini kabisa ya mto, lile ambalo jua halijawahi kuliona.

Siku hiyo hiyo Upepo akamwonyesha nyayo zake. Zilikuwa nyeupe, zimejikunja ngozi.

"Kama vidole vyangu nikishafua," akacheka Mama Dobi. Akazishika. Akaacha kucheka. Katika joto lile, ambapo hata shuka linakung'ang'ania mgongoni, miguu ya mumewe ilikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji.

Baridi ikaanza kupanda. Ikavuka vifundo, ikashika mashavu ya miguu, ikafika magotini. Tabibu wa zahanati akampima, akatikisa kichwa, akampa vidonge vya damu. Upepo akafunga saluni, kwa sababu hakuweza kusimama nyuma ya kiti cha mteja. Akawa analala mchana kutwa. Na akilala, miguu yake inazunguka polepole chini ya shuka. Inapiga pedeli.

Wifi yake Mama Dobi, dada mkubwa wa Upepo, akaja kusaidia kuuguza. Ni mwanamke wa maneno mengi na huruma nyingi. Alipovinusa tu vile viatu akafunga pua na upindo wa khanga, akavibeba kwa ncha za vidole, akaenda kuvitupa kwenye pipa kubwa la taka mwisho wa mtaa. Akarudi akinawa mikono mpaka viwiko.

Saa ile ya mchana ambapo mtaa wote unanyamaza kwa joto, Mama Dobi alikuwa amesimama kwenye meza ya pasi.

Kok.

Akainua pasi.

Kok. Kok.

Ilitoka uani. Ilikuwa hatua ya mtu asiye na haraka. Alidhani mumewe amepata nguvu, ameinuka. Akasogeza pazia la mlango wa nyuma, ulio kando ya chumba cha kukaushia.

Viatu vilikuwa mbele ya mlango wa chumba cha mumewe. Vimesimama sambamba. Vidole vimeelekea ndani.

Wifi alikuwa amejibana ukutani, upande wa pili wa ua, ndoo mkononi. "Wifi," alinong'ona, "mimi nilivitupa. Wallahi nilivitupa."

Mama Dobi alivuka ua, akaviruka viatu, akaingia ndani na kukaa kitandani.

"Bwana wee," alimwambia mumewe, "sasa utaniambia. Siku ile ulipita wapi?"

Upepo alitazama dari. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Pale daraja la chini. Maji yalikuwa yamefunika barabara. Nikasubiri yapungue. Kulikuwa na mtu ameketi kwenye jiwe, peku. Akaniambia, ndugu yangu, niazime viatu nivuke, chini kuna vigae. Nikamwazima. Akavuka, akasimama kidogo ng'ambo, akarudi."

"Halafu?"

"Maji yale yalikuwa ya kiunoni, mke wangu. Suruali yake ilikuwa kavu. Vilivyolowa ni viatu tu. Akanirudishia. Akasema: visipokauka, ujue bado nimevivaa."

Mlangoni, viatu vilitoa sauti ndogo, kama mtu anayehamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ananitania. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama mpaka nikakata kona."

Wifi alishaanza kulia. Alitaka virudishwe darajani siku hiyo hiyo, viwekwe juu ya jiwe lile, aombwe msamaha huyo aliyeviazima, apewe na kitu cha kumpoza.

"Msamaha wa nini?" Mama Dobi aliinuka. "Nani aliyemkosea? Ameomba kiatu, kapewa. Kavuka, karudi. Sasa anataka na mguu. Simpelekei kitu. Amekuja kwangu, basi tutamalizana kwangu."

"Wifi, usishindane na usichokijua."

"Sikijui, lakini kimelowa. Na kilicholowa ni kazi yangu."

Alimwagiza wifi akae na mgonjwa, amshike miguu, na apaze sauti kila baridi itakapopanda. Kisha akainama mlangoni, akavinyanyua viatu. Vilikuwa vizito. Vilikuwa vizito kama unapomnyanyua mtoto aliyelala. Akavibeba kifuani, maji yakimtiririkia tumboni, akaingia navyo chumba cha kukaushia. Akafungulia moto wa mabomba mpaka mwisho. Akavuta mlango wa bati, akatia komeo kwa ndani.

Joto likamkaba. Akaketi sakafuni, viatu katikati ya mapaja yake, rundo la taulo kavu pembeni. Akachukua taulo moja, akaanza kuijaza kwenye kiatu cha kulia.

Haikuingia.

Akasukuma. Ikarudi. Ndipo alipoelewa kwa nini magazeti yalikuwa yakitemwa. Hapakuwa na nafasi.

Akaingiza mkono.

Ndani mlikuwa na vidole. Vya baridi, laini, vilivyolowana muda mrefu. Vilijikunja alipovigusa.

Mtu mwingine angeutoa mkono. Mama Dobi mwenyewe anasema mwili wake wote ulitaka kukimbia, ukaacha mkono tu pale. Lakini mkono ule ndio uliokuwa wa kazi, na haukutoka.

"Toka," akasema.

Sauti ikamjibu kutoka karibu sana na magoti yake. Ilikuwa ya upole. "Mama, nje ni baridi."

"Hapa hata chapati inaiva ukutani. Toka."

Akakunja taulo kama kabari, akaisukuma kwa kiganja. Ngozi ya ule mguu ikateleza chini yake. Maji yakabubujika juu ya ukingo, meusi, yakagusa mabomba, yakafoka mvuke.

Kutoka uani wifi akapiga kelele: "Mapajani!"

Akasukuma.

"Kiunoni, wifi! Imefika kiunoni!"

"Mshike!"

Mvuke ulijaa. Hakuona tena ukuta wa pili. Katika mvuke ule kulikuwa na mtu aliyeketi mbele yake, miguu ameinyoosha, nyayo zake zimeishia ndani ya viatu. Uso hakuuona. Hakuutafuta.

"Nikitoka," ile sauti ikasema, "nitakwenda wapi?"

"Ulikotoka."

"Kule ni maji."

Mama Dobi anasema hilo ndilo lililomgusa, na ndiyo maana akakasirika zaidi.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," akamwambia. "Ungebisha hodi kama watu, ungepewa taulo, ungepewa kiti. Wewe umekuja kwa hila, umeingia kwa mume wangu kama mwizi. Viatu uliazimwa. Hukupewa. Na mume wangu hata kuazimwa hukuazimwa."

Akaweka goti juu ya taulo, akaegemea kwa uzito wake wote.

"Kifuani!" Wifi alikuwa akilia sasa. "Haongei, wifi! Hapumui vizuri!"

Alisukuma. Jasho lilimwingia machoni. Mabomba yalimchoma bega, akasikia nywele zinanuka. Alisukuma. Kitu ndani ya kiatu kilimshika vidole, kikabana, kikavuta. Akavuta na yeye. Hakupiga kelele. Alikuwa akirudia neno moja tu kwa meno yaliyoumana, lile analowaambia mashuka ya wateja akiyakamua: "Utakauka. Utakauka. Utakauka."

Taulo ikazama.

Ilizama yote, mpaka kwenye vidole, kwa mkupuo, kama mtu aliyechomoa mguu. Akadaka taulo nyingine, akaishindilia kwenye kiatu cha kushoto kabla hakijajizatiti. Kikapinga. Kikalegea. Kikapokea.

Mvuke ukapanda kwenye dari na kutoweka. Chumba kikawa kitupu. Akachomoa taulo moja. Ilikuwa na unyevu, basi. Akageuza kiatu, akakipiga chini. Hakikutoa tone. Gundi ilikuwa imeachia pembeni kwenye soli, kama mumewe alivyoonya, na kiatu kilikuwa kikavu kama mkate wa juzi.

Huko uani wifi alikuwa akipiga mlango wa bati kwa viganja vyote viwili.

"Anatoka jasho!" alipiga kelele. "Wifi, fungua! Anatoka jasho!"

Mama Dobi alimkuta mumewe ameketi kitandani, uso unang'aa, matone yanamtiririka shingoni mpaka kifuani, shuka limemganda mgongoni. Alimshika nyayo. Zilikuwa za moto. Hapo ndipo alipokaa chini, mlangoni pale pale, akalia mpaka wifi akampelekea maji ya kunywa, naye akayakataa.

Upepo alipona. Saluni ikafunguliwa. Baiskeli ilikaa ukutani kwa muda, na kila alipoulizwa alisema goti. Mpaka asubuhi moja mkewe akaviweka vile viatu mbele yake, vimeshatiwa gundi upya kwa fundi viatu.

"Vaa."

"Mke wangu, tununue vingine."

"Hivi ni vyako. Nimevipigania mimi. Vaa."

Akavaa. Mkono wa mkewe ndio uliomfunga mikanda. Akatoka viatu vikilia kok, kok mpaka barabarani, akapanda, akapita daraja la chini kama alivyoagizwa, na kwenye lile jiwe hakukuwa na mtu. Anapita hapo mpaka leo. Hasimami, lakini anapita.

Kuna jambo moja tu ambalo halikwisha.

Kwenye sakafu ya chumba cha kukaushia, karibu na ukuta, pana unyayo. Ni wa mtu mzima, peku, wa mguu wa kushoto, vidole vimeelekea mlangoni. Ni wa maji. Katika chumba ambacho ndoo ya maji ikimwagika hukauka kabla hujaleta tambara, wenyewe haukauki. Mama Dobi ameufuta. Ameupigia pasi. Ameita fundi akamwaga saruji mpya juu yake, na fukuto lilipoanza tena, unyayo ukapanda kupitia kwenye saruji, umbo lile lile, mahali pale pale.

Sasa ameuacha. Anaukanyaga akipita na kapu la nguo, makusudi kabisa, katikati ya kisigino.

Wifi yake hawezi. Kila anapokuja huuliza swali lile lile, kwa kunong'ona, kutoka mlangoni: wa kulia uko wapi?

"Sijauona," Mama Dobi humjibu, huku akiinua pasi kutazama kama imepata moto. "Ukiuona wewe, niite."