Viatu vya Asumpta

"Shemeji, usinipe viatu vyenye tope," Syombua alimtania Urbanus kwenye simu. "Dada yangu angekucheka."

Urbanus aliahidi kuvisafisha. Mkewe Asumpta alikuwa ametimiza mwaka kaburini, na kesho yake nguo zake zingegawiwa ndugu, hapo nyumbani kwa Urbanus, mtaa wa Flemingdon Park, ughaibuni. Vilibaki viatu alivyovaa likizo yao ya mwisho, walipopanda njia za milimani nje ya jiji la Chengdu, kwenye ukungu na miruba wanyonyao damu. Tangu hapo vilikaa kabatini bila kuguswa.

Giza la Januari lilikuwa limeshaingia. Alipofungua kabati alisikia kitu kikifyonza polepole, kama mtoto anyonyaye. Tope lilikuwa bichi. Akatia mkono kwenye kiatu cha kushoto, akagusa kitu laini, chenye ute na joto. Alikuwa mruba, amenenepa kama kidole gumba. Urbanus alimponda bafuni huku akitapika. Damu iliyomtoka mruba ilikuwa bado ya moto.

Asubuhi Syombua aligonga mlango.

"Viatu sivitoi tena, shemeji," Urbanus alijibu kutoka ndani.

Alikuwa ameketi mbele ya kabati, akiwaza kwamba ile damu ya moto huenda ilikuwa ya Asumpta. Ule mfyonzo ulikuwa umeanza tena. Aligeuza uso kwa kinyaa, akaingiza mguu mtupu katika kiatu cha mkewe, na sauti ikanyamaza.