Taa ya Four-wheel

Evance, rafiki yangu wa Mukendo, si mtu wa kutunga maneno. Masika iliyopita alikuwa anampeleka marehemu baba yake kutoka Musoma, alikoishi mzee, kuzikwa kijijini, karibu na Kisorya, kwa gari kuukuu la mzee mwenyewe. Shangazi yake, Marcelina, alikaa nyuma na jeneza, akimwambia kaka yake kila kona, kama ilivyo desturi kwao: "Tumefika Bunda, kaka. Sasa tunakata kulia."

Walipoacha lami, shangazi alikuwa amesinzia. Wingu zito likaleta giza mchana, na matope yakawanasa. Evance akabonyeza swichi ya four-wheel ili tairi zote nne zivute, lakini taa yake ikawa inawaka na kuzima tu. Akakagua fyuzi, akasafisha nyaya. Bado. Kijijini kaburi lilikuwa wazi, linajaa maji.

Shangazi akazinduka. "Umemwambia tumeacha lami?"

"Shangazi, hii ni shoti."

"Haya, fundi. Ila baba yako alikuwaga hapendi kupelekwa bila kuambiwa." Akaliinamia jeneza. "Kaka, tunakupeleka nyumbani. Turuhusu."

Evance akazima injini, akachomoa waya wa betri. Ilisikika mvua peke yake. Kisha chini ya gari kitu kikaunguruma, kikagonga, tak, kama four-wheel inavyogonga ikishika.

Waya wa betri ulikuwa bado mkononi mwake. Ndani, taa ilikuwa imetulia, kijani, na tairi za mbele zilikuwa zinazunguka polepole, kinyumenyume, kuelekea Musoma.