Mpini wa Mkwaju na Lango la Ukalowa

Zama hizo bunduki zilikuwa bado masimulizi ya wapita njia, na vita vya bara viliamuliwa kwa mkuki, kwa ngao ya ngozi ya nyati, na kwa shoka. Mji wa Ukalowa ulikuwa umezingirwa tangu mtama ulipochanua. Boma lake lilikuwa la magogo yaliyosimikwa wima yakabanana, na lango lake moja lilikuwa la mininga mizima iliyofungwa kwa kamba za ngozi mbichi. Nje walipiga kambi Watanda, wafugaji wa mbugani, kaniki mabegani na nyaya za shaba mikononi, chini ya jemadari wao Ngasa. Ndani, Lutonja, mchonga mipini wa mtemi, alikuwa na maiti ya mwanawe nyumbani, na hakuweza kuizika.

Watanda walikuwa mashujaa, hilo hata adui zao hawakuwanyima. Lakini kwao hakuna msitu. Mtu wa mbugani alijua mpini mmoja tu, ule wa shoka la vita, mwembamba, wa mti wa mkole, unaopinda bila kuvunjika ukimpiga mtu, na kwa mpini huohuo, hata kwenye shoka pana, alitaka kukata kila kitu duniani. Wakilishambulia lango, mipini ilipasuka mikononi mwao, nao wakarudi kambini wakilaani uchawi wa Ukalowa.

Uchawi haukuwapo. Gogo la mninga linataka shoka pana, na shoka pana linataka mpini mnene wa mkwaju, uliokatwa pale tawi linapoungana na shina. Pale pana kifundo ambacho nyuzi za mti zimesokotana, na mkia wa chuma, ile ncha yake nyembamba ya nyuma, ukishapenya humo, kila pigo linaukaza badala ya kuulegeza. Kila mtu wa Ukalowa alilijua jambo hilo tangu utotoni, na kila mtu alilinyamazia. Kimya hicho ndicho kilichokuwa boma lao la pili.

Sasa, desturi ya Ukalowa ilikuwa hivi: mtu akifa, chuma cha shoka lake hurithiwa, lakini mpini huzikwa naye, umelazwa kwenye kiganja cha kulia. Asiyezikwa na mpini wake huhesabiwa kuwa bado yuko njiani. Kijana Kashinje, mwana wa Lutonja, aliuawa langoni, na Watanda waliirudisha maiti yake kwa mapatano. Shoka lake walibaki nalo, kwa kuwa ni nyara.

Mama yake, Nyanzala, aliiosha maiti, akaipaka mafuta, akaifunika kwa ngozi ya ng'ombe. Kisha akakaa mlangoni.

"Baba Kashinje," alisema, "mwanangu haingii ardhini mikono mitupu. Jua ni kali. Nenda ukauombe mpini wake."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga walisema, na Nyanzala aliujua wote. Lutonja hakuujua. Tangu walipomletea maiti hakuwa amehisi kitu chochote, wala njaa, wala hasira, wala huzuni. Aliona aibu kidogo kwa hilo, kisha aibu nayo ikaondoka. Alikata tawi la majani mabichi kuwa ishara ya amani, akaenda langoni.

Mtemi mwenyewe alikuwa amesimama pale, ukosi wa ngozi ya chui umemlegea shingoni kwa kukonda.

"Nakuruhusu, kwa ajili ya mtoto," alisema. "Lakini nisikilize. Watu wale wamekosa kitu kimoja tu, nacho kimo mikononi mwako. Wakikuuliza habari za mipini, wewe ni mkulima wa viazi tu."

"Nimesikia, Mtemi."

Na kweli alisikia. Angeweza kuyarudia maneno yale neno kwa neno.

Kambini walimpeleka kwa Ngasa, mtu mrefu mwenye jicho moja lililoingia ukungu, ameketi juu ya kigoda akinywa maziwa. Shoka la Kashinje lilikuwa mapajani mwake. Lutonja aliutazama mpini ule wa mkole, kutoka kichwani mpaka kwenye kitako. Haukuwa na ufa hata mmoja. Usiku kucha alikuwa amejiuliza kama mti aliomchagulia mwanawe ndio uliomwangusha. Sasa alipata jibu, na jibu halikumpa nafuu yoyote.

"Nilimuua mimi," Ngasa alisema. "Aliteleza kwenye damu ya mwenzake. Asingeteleza, leo ungekuwa unaongea na mtu mwingine."

"Naomba mpini. Chuma kaa nacho."

"Kwetu tunazika na mkia wa ng'ombe. Najua maana ya ombi lako." Ngasa aliweka kibuyu chini. "Lakini mpini huu nimeupenda, na mtu hutoa alichokipenda kwa kubadilishana. Shoka langu pana limevunjika mpini. Nitilie mwingine, kisha uchukue wa mwanao uende. Kuni zile pale, chagua mti unaoutaka."

Palikuwa na lundo la kuni kando ya jiko. Mlikuwa na mikole mingi humo, myembamba na mizuri, ya aina ambayo Watanda walikuwa wakiitumia na kuivunja. Angeokota mmoja, angeuchonga, angeondoka, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Alijua hivyo. Aliinama.

Mikono yake iliupita mkole wa kwanza, kwa kuwa shoka lile lilikuwa pana. Ikaupita mninga, kwa kuwa hupasuka. Ikashika tawi la mkwaju lenye kifundo cheusi, ikaligeuza, ikaligonga kwa ukucha, ikaridhika. Akachonga. Akachoma tundu kwa chuma cha moto, akausukuma mkia wa shoka ndani, akaupigilia kwa jiwe. Ilikuwa kazi safi. Katika muda wote huo akilini mwake hamkupita kitu, ila kwamba jua lilikuwa likipanda na maiti haingoji.

Ngasa alilipiga gogo la kuni pigo moja. Shoka lilizama mpaka shingoni. Alilichomoa, akapitisha kidole pale kwenye kifundo taratibu, akatazama mikwaju iliyojipanga bondeni kando ya kijito. Kisha akampa Lutonja mpini wa mwanawe kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwewe kitu.

"Nenda ukazike, mzee," alisema kwa upole. "Sisi tuna kazi."

Walimzika Kashinje alasiri, nyuma ya nyumba. Nyanzala mwenyewe ndiye aliyevikunja vidole vya mwanawe juu ya mpini. Walipokuwa wakifukia, sauti za mashoka zikaanza kusikika kutoka bondeni.

"Wanakata nini?" Nyanzala aliuliza.

"Mikwaju."

"Nani kawaambia?"

"Mimi."

Lutonja alimalizia kufukia, akaenda kumwambia mtemi, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua.

"Ningekuua," mtemi alisema, "lakini naona nimechelewa."

Siku ya tatu lango lilianguka. Mtemi alifia palepale langoni. Waliosalia walitawanyika kusini, na miongoni mwao walikuwemo Lutonja na mkewe, ambao Ngasa aliamuru wasiguswe.

Watanda walitunga nyimbo za ushindi, wakazisifu dawa za waganga wao. Wana wa Ukalowa, popote walipokwenda, walisimulia kwamba mji uliuzwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Wengine walisema Lutonja alilipwa ng'ombe, wengine walisema alitaka utemi. Historia haipendi jambo lisilo na sababu, na isipoiona hulitafutia. Hayo ndiyo iliyoyahifadhi.

Ugenini walipewa kishamba kwenye mteremko. Nyanzala hakumlaumu, wala hakumtaja Kashinje, mpaka msimu wa pili, walipokuwa wakipalilia.

"Nataka kukuuliza jambo moja," alisema bila kuinua kichwa. "Ulikusudia? Kwamba mwanetu amekufa, basi na mji ufe?"

Lutonja alifikiri, kwa kuwa alitaka kumjibu ukweli.

"Hapana. Sikukusudia kitu. Mkono ulichagua mti unaofaa."

Nyanzala alisimama, akaegemea jembe lake.

"Muda huu wote nilikutetea moyoni," alisema. "Nilisema, alikuwa na hasira, ni baba. Kumbe mji wetu umekufa bila hata mtu mmoja kuuchukia."

Maumivu yalimwanzia Lutonja vidoleni, yakapanda mikononi mpaka kifuani, yakamwangusha kwa magoti kwenye tuta. Alilia kwa sauti, akimwita Kashinje, kisha akaita majina ya watu wa Ukalowa, mmoja mmoja, kadiri alivyoweza kuwakumbuka. Nyanzala alimwacha alie, akaendelea kupalilia upande wake wa shamba.