Aliyeitika Jina Langu

Mwalimu alisoma jina langu kwenye orodha.

Jina la kwanza. La baba. La babu.

Nikafungua mdomo niitike...

"Nipo!"

Sauti haikuwa yangu!

Msichana wa safu ya pili ndiye aliyenyoosha mkono. Shingoni kavaa kadi ya chuo. Jina langu, picha yake!

"Mwalimu, huyo si mimi!" nikaropoka, nikiokoteza maneno ya lugha yao. "Yaani... mimi ndiye huyo!"

Darasa likaangua kicheko. Hata mimi ningecheka, kama yangekuwa yamempata mwenzangu.

"Una kitambulisho?"

Sikuwa nacho. Nilikuwa na aproni iliyolowa na kikapu cha mashuka ya hoteli.

Nyuma ya mwalimu, ukutani, lilining'inia gauni dogo la njano la mtoto. Nililishona mimi kuombea nafasi ya chuo. Limebandikwa jina langu, na jina langu limekaa safu ya pili linanitazama.

"Toka, tafadhali. Tuna kipindi."

Nikamkazia macho yule msichana. Nilitegemea kuona aibu, au basi hata jeuri.

Alikuwa ananionea huruma.



Ngojeni niwarudishe nyuma wiki tatu.

Kabla sijasafiri niliandika kwenye kundi la wanafunzi wetu wa ughaibuni: "Nafika Jumamosi asubuhi. Nani atanipokea?" Nikaweka na barua ya chuo. Nikaweka na tiketi. Furaha haina breki, jamani!

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini.

"Nitakupokea mimi, mdogo wangu."

Uwanja wa ndege nikamkuta mwanamke wa makamo, kashika kipande cha boksi chenye jina langu na maua ya plastiki. Siku nzima masikio yangu yalikuwa yamejaa lugha za watu. Aliposema "pole na safari", nikamkimbilia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, kipenzi. Mama hajambo? Hebu kumbatia maua nikupige picha. Cheka! Haya, nipe hizo karatasi nikutunzie. Wezi wa huku wanakuvua soksi na viatu umevaa."

Nikampa pasipoti, barua, vyote.

Utamwambiaje mtu uliyemwamkia, aliyeacha shughuli zake kuja kukupokea, kwamba humwamini? Sisi tumelelewa hivyo. Laiti adabu ingekuwa na macho!

Dada alikuwa na duka la udobi. Chini yake kulikuwa na chumba cha vitanda sita, na dirisha moja linalotazama ukuta. Wasichana wanne niliokuwa nao chumbani hawakuwa waongeaji. Mmoja tu aliniuliza, "Umekuja kusomea nini?"

"Ushonaji."

Akajigeuza, akalala.

"Chuo kimesogeza tarehe," Dada aliniambia. "Wakati unangoja, tusaidiane kufua."

Ikapita wiki ya kwanza, ikapita ya pili. Mashuka ya hoteli unakunja moja, yanazaliwa mawili. Mama akipiga simu namwambia masomo yanaenda vizuri.

Jumatano ya wiki ya tatu nikatumwa kupeleka mashuka hotelini. Njiani nikapita mbele ya jengo nililolitazama kwenye picha mwaka mzima. Wanafunzi wanaingia, tepu za kupimia zimening'inia shingoni!

Nikaingia nao. Kilichotokea mnakijua.

Nilipotolewa, yule msichana alinifuata kwenye korido.

"Usipige kelele," akaninong'oneza. Kwa lugha yetu!

"Umeniibia jina!"

"Na langu liliibwa. Miaka miwili nimekunja mashuka na kulala kitanda unacholalia sasa, nikingoja lako."

"Pasipoti ina picha yangu!"

"Kwao sisi wote tunafanana. Hawakuangalia mara mbili." Akatazama nyuma. "Rudi kwa Dada. Ijumaa anakuja mwingine, wa uuguzi. Ukiwa mpole, utapata la kwake."

Nilirudi. Ningekwenda wapi? Polisi nao wangeniuliza lile lile la mwalimu.

Dada alikuwa anapiga pasi. Hakuinua uso.

"Umetoka chuoni."

"Dada, naomba jina langu."

"Jina ni kama shuka la hoteli, mdogo wangu. Aliyelilalia jana siye atakayelilalia leo. Muhimu limefuliwa."

Akacheka peke yake. Kisha akanisogezea kipande cha boksi. Jina geni, wino bado mbichi.

"Utampokea wewe. Mimi sura yangu wameizoea pale uwanjani. Mchekee, msemeshe kikwetu. Karatasi atakupa mwenyewe, hata usiombe."

"Na nikikataa?"

Pasi ikatulia.

"Nani atakuulizia, kipenzi? Kwa jina lipi?"

Ijumaa mchana nikasimama na boksi langu. Dada alikuwa nje, ndani ya gari, injini inanguruma.

Binti akatokea na begi kubwa kuliko yeye na koti linalofagia sakafu. Aliposoma boksi, uso ukamchanua.

"Dada yangu! Asante Mungu!"

Na kabla sijafungua mdomo, akaninyooshea pasipoti.

Nikaipokea. Ilikuwa na joto la kifua chake.

Nitasema ukweli hata mkinichukia. Sikuirudisha papo hapo. Niliwaza... uuguzi nao si kazi mbaya.

"Koti limenizidi, eti?" akacheka. "Kalishona mama. Kasema nitakua humu humu ndani. Ona kola alivyoitendea haki!"

Kola!

Mama yangu ni fundi cherehani. Kila nguo anayoshona huficha ndani ya kola mishono mitatu ya uzi wa rangi nyingine. "Nguo ikigombaniwa," husema, "iulizeni yenyewe." Nami nimerithi.

"Shika pasipoti yako," nikamwambia. "Iweke ndani ya nguo. Usimpe mtu. Hata mimi."

"Kwani wewe si..."

"Tembea. Mlango ule wa pili. Usigeuke!"

Tukapanda treni hadi chuoni, tukaingia darasani tukihema kama waliofukuzwa na nyuki.

"Mwalimu, lile gauni la njano. Muulize aliyelishona, ndani ya kola kuna nini?"

Mwalimu akakunja uso, lakini akamgeukia msichana wa safu ya pili.

Akalitazama gauni, kisha akanitazama mimi.

"Mishono mitatu ya bluu," nikasema.

Mkasi mdogo ukafumua kola taratibu. Moja. Mbili. Tatu.

Yule msichana alikuwa ameshavua kadi shingoni.

"Waite polisi," akasema, machozi yanamtiririka. "Nimechoka kuitika."

Polisi walifika kwa Dada jioni ile. Mashine bado zina moto. Wasichana wanne wamekaa vitandani, mikono mapajani. Dada hayupo! Sanduku alimotunzia pasipoti zetu nalo halipo!

Chuo kikanipa kadi. Ubalozi ukanipa hati ya muda. Nikaanza masomo, nikasema Mungu mkubwa, yameisha.

Jana nimefungua lile kundi.

Binti mwingine kaandika: "Nafika Jumapili mchana. Nani atanipokea?"

Jibu la kwanza: "Nitakupokea mimi, mdogo wangu."

Akaunti ina jina langu. Picha yangu, nimekumbatia maua ya plastiki, nacheka!

Nimemwandikia binti mara kumi na moja. Hajasoma hata ujumbe mmoja. Leo ni Jumapili. Simu yake imezimwa, yuko angani.

Ndugu zangu mnaojiandaa kusafiri, heshima mpeni mtu kwa mikono miwili, lakini pasipoti ibaki kifuani. Lugha ya nyumbani ikisikika ugenini, moyo hukimbia kuilaki. Uacheni ukimbie. Miguu ibaki pale pale mpaka mjue mnaongea na nani.

Naandika haya nikiwa kwenye treni, kituo kimoja kabla ya uwanja wa ndege.

Niombeeni nifike kabla yangu mwenyewe.